Birika la wati 2,000 na friji ya wati 150: kipi kinakula umeme zaidi?

Ndugu, unashangaa friji ya wati 150 imalize uniti nyingi kuliko birika la wati 2,000. Wati ni kasi ya kula umeme tu. Mita inahesabu kasi hiyo mara muda: uniti moja ni kilowati-saa 1, yaani jouli 3,600,000.

Birika likichemsha dakika 5, mara nne kwa siku, ni dakika 20: takriban uniti 0.67. Friji haizimwi, ila kompresa yake, yaani pampu inayoleta ubaridi, huwaka na kupumzika. Ikifanya kazi jumla ya saa 8 kwa siku, ni uniti 1.2. Mpira wa mlango ukilegea, kompresa haipumziki, na hapo unafika uniti 3.6 kwa siku. Bana karatasi mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, badilisha mpira.

Usiamini kibandiko cha wati kwenye friji peke yake, pima. Zima kila kitu, acha friji tu, subiri kompresa iwake, halafu tazama kitaa kinachopepesa kwenye mita. Kama pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1,000 kwa kila kilowati-saa, kila mpepeso ni wati-saa 1. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 24 ni wati 150. Kompresa inapoanza huvuta umeme mwingi kwa kitambo kifupi, kwa hiyo ngoja dakika chache kabla ya kuhesabu. Na kitaa kikiendelea kupepesa hata friji ikishachomolewa, kuna kifaa umekisahau, au waya unavujisha umeme. Hilo mwite fundi aliangalie mapema.