Barua kwa mwanangu: ile nyumba ya vyumba kumi Salatiga, Indonesia

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza pamoja na Bapak, mume wangu, maana swali lenyewe linamhusu. Unasema akiba ya Muscat imetosha, na umeona ile nyumba ya vyumba kumi vya wanafunzi, uchochoro wa pili kutoka kwetu, inauzwa. Unauliza kama tuinunue kwa jina la Bapak, pesa zitoke kwako, na kodi utumiwe wewe kila mwezi. Jibu langu ni hapana, na Bapak naye kasema hivyo hivyo kabla sijafungua mdomo.

Sheria kwanza, tuimalize. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inampa hati kamili ya umiliki, hak milik, raia wa Indonesia peke yake. Kifungu cha 26 ndicho kinachokuhusu: mauzo yoyote yanayomfikishia mgeni umiliki huo, ya wazi au ya kupitia mlango wa nyuma, ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na aliyelipa hawezi kudai pesa zake. Watu wanaandikishiana mikataba ya pembeni kila siku, nani kakopeshwa na nani, wanapiga mihuri, wanalala usingizi. Siku ya ugomvi mahakama inasoma sheria, haisomi urafiki.

Na wala usidhani mimi nimo kwenye hati. Simo. Kabla ya ndoa notaris, mwanasheria wa kuandika hati, alitukalisha tukaweka saini mkataba wa kila mtu na mali yake, kwani bila mkataba huo mali ya ndoa ingehesabiwa yetu sote wawili, na Bapak kwa kuoa mgeni angenyimwa haki ya kumiliki. (Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa 2016, mkataba huo unaweza kuandikwa hata baada ya ndoa, lakini sisi tuliufanya mapema.) Akitangulia yeye, Mungu ampe umri, kipande nitakachorithi nina mwaka mmoja tu wa kukiuza au kukihamishia raia. Wewe si mwanawe wa kumzaa, fungu la mirathi huna. Anakupenda, hilo nalijua. Ila pesa utakazozika kwenye hati yake utakuwa umeziweka mikononi mwa wapwa zake wa Boyolali, watu wema, lakini hujawahi kula nao sahani moja.

Njia halali zipo, nazo ni ndefu. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, miaka 30, kisha 20, kisha 30 tena. Lakini hiyo ni ya nyumba ya kuishi mwenyewe, na serikali imeweka kima cha chini cha bei ambacho nyumba za uchochoroni kwetu hazikifikii hata kwa ndoto. Kampuni ya mgeni nayo inatakiwa mpango wa uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10. Kwa vyumba kumi? Acha.

Sasa tuongee biashara yenyewe, maana hata sheria ingekuruhusu ningekuambia usubiri. Salatiga ni mji mdogo wa bara, uko chini ya mlima Merbabu kati ya Semarang na Solo, hauna bahari, hauna hata stesheni ya treni. Ulipofikiwa na barabara ya kulipia, 2017 upande wa Semarang na mwaka uliofuata hadi Solo, watu wa mbali wakaanza kuulizia viwanja. Lakini kinacholipa kodi za vyumba hapa ni vyuo. Satya Wacana kipo tangu 1956, na vijana wake wanatoka Papua, Sumba, Maluku, Sumatra. Kipo pia chuo kikuu cha Kiislamu cha serikali. Vyumba ni kuanzia nusu milioni ya rupia kwa mwezi hadi milioni na kitu, kutegemea kama choo kiko ndani. Mwaka 2020 masomo yalipohamia mtandaoni kwa sababu ya korona, vijana walirudi kwao na vyumba vikakauka. Benki iliendelea kudai kama kawaida. Anayeuza nyumba hiyo ni mmoja wa walioanza kuchoka wakati ule.

Na ule uchochoro, Salim, kwenye picha hauonyeshi upana wake. Gari haliingii. Pikipiki unazima injini mdomoni mwa uchochoro na kuisukuma mpaka mlangoni, na kuna kibao kinachokukumbusha. Ndiyo maana bei yake imekuvutia. Matofali, saruji na godoro la kila chumba vitabebwa kwa mikono, na fundi atakutoza hilo.

Lakini jambo ninalotaka ulielewe zaidi ni RT, kikundi cha majirani chenye kiongozi wake, Pak RT. Ni kama balozi wetu wa nyumba kumi, isipokuwa hapa nyumba ni nyingi zaidi na mambo bado yanakwenda. Mfumo ulianza wakati wa utawala wa Wajapani, ukabaki. Mwenye vyumba anawajibika kwa Pak RT kwa kila kichwa kinacholala kwake. Mgeni anaripotiwa ndani ya saa 24. Kijana akileta msichana chumbani usiku, hawamwendei kijana, wanakuja kwako. Sasa niambie, watakufuata Muscat?

Pembeni ya mlango wetu kuna kikopo kidogo kimetundikwa kwa msumari. Kila jioni natia sarafu ya rupia 500. Usiku wanaume wa zamu ya ulinzi, sungusungu wao, wanapita na tochi na mfuko, wanamimina kikopo kimoja kimoja, na wa nyuma anaweka alama daftarini. Zamani ilikuwa mchele kidogo, wa kubana kwa ncha za vidole, ndiyo maana bado inaitwa jimpitan. Pesa hizo zinanunua taa za njia, viti vya msiba, dawa ya mgonjwa. Kuna bwana mmoja kutoka Jakarta alinunua nyumba kona ya juu akaipangisha bila kuja kukaa. Kikopo hajatundika. Hakuna aliyemgombeza, Wajava hawagombezi. Ila mfereji wake wa maji ya mvua ulipoziba Januari, watu walipita wakainamisha kichwa kwa adabu, wakaenda zao. Siku ya msaragambo wa kuuzibua mfereji wote, waliishia mpakani mwake. Wapangaji wake walihama wawili wawili.

Kwa hiyo ningekushauri hivi. Usinunue kitu mwaka huu. Ukipata likizo ndefu njoo upange nyumba kwa mkataba wa mwaka, wanauita kontrak. Unalipa mwaka mzima kwa mkupuo, na ni nafuu kuliko unavyofikiri. Ukae masika, ukae na baridi ya asubuhi ya Julai, uende msibani na kwenye harusi, uone kama moyo wako unakaa. Mimi nitakuingiza kwenye mchezo wa upatu wa akina mama kupitia jina langu ili wakujue ni wa nani. Na kama unataka kweli pesa ifanye kazi hapa, Bapak ana vyumba vitatu juu ambavyo havina bomba la maji moto. Mkopeshe kwa maandishi, kwa tarehe ya kurudisha, na dada zake washuhudie. Hiyo itakuwa biashara ya ndugu na ndugu, na hati itabaki ilipo.

Kabla ya kukata tiketi nitumie nakala ya pasipoti, na usije wakati wa Lebaran, Idi yao ya kumaliza Ramadhani, maana mabasi ya Semarang yanajaa na nauli inapanda. Bapak anauliza kama Muscat wanauza zile karafuu nzima za Unguja. Za hapa anadai hazina harufu. Lete kilo moja.

Mama yako