Maswali ya Wasomaji: Kumtafuta Ndugu Aliyeshikwa Marekani

Mtoto wa dada yangu anaishi Houston, Texas. Rafiki yake amenipigia kusema polisi wamemkamata, na tangu hapo simu ya kijana haipatikani. Nasikia huko majina ya walio jela yanawekwa wazi kwenye intaneti. Mimi niko hapa Dodoma, nianzie wapi?
*Mama Mdogo, Area C*

Pole sana, mama. Ulichosikia ni kweli, ila watu wengi hukwama kwa kudhani ipo orodha moja ya nchi nzima. Haipo. Marekani ina kaunti (ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo) zaidi ya 3,000, na kaunti nyingi zina jela yao iliyo chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na kila sherifu anaweka orodha yake kwa namna yake. Kwa hiyo kabla ya kuanza kutafuta, muulize yule rafiki: kijana alikamatiwa mtaa gani hasa? Anakoishi hakusaidii sana. Sehemu kubwa ya Houston imo ndani ya kaunti ya Harris, lakini mji huo umeingia pia Fort Bend na Montgomery. Akishikwa barabarani upande wa Fort Bend, utamtafuta Harris mpaka uchoke.

Ukishajua kaunti, andika kwenye kitafutio jina la kaunti, jimbo, na maneno "sheriff inmate search". Matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya kampuni binafsi zinazoomba kadi ya benki ili zikuonyeshe "ripoti kamili". Zipite. Orodha ya sherifu haidai malipo. Usitegemee sana mwisho wa anwani, maana ofisi nyingine hutumia .gov na nyingine .org au .com. Tazama kama ukurasa una anwani ya jela, simu ya ofisi na taratibu za kutembelea wafungwa.

Ingiza jina la ukoo kwanza, kisha jina la kwanza. Tarehe ya kuzaliwa ikidaiwa, kumbuka Wamarekani hutanguliza mwezi: aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1998 huandikwa 03/04/1998. Ukiandika kwa mpangilio wetu, mashine itamtafuta mtu wa mwezi wa nne na kukujibu hayupo.

Akipatikana, utaona namba yake ya kusajiliwa jela, siku na saa aliyoingizwa, mashtaka, kiasi cha dhamana, pengine picha na tarehe ya kufika mahakamani. Nakili ile namba kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo utakayoulizwa na jela, wakili, ubalozi na kampuni ya simu za wafungwa. Kwenye dhamana, angalia kama kila shtaka lina kiasi chake, maana hapo utajumlisha. Na ukikuta sifuri au pameachwa wazi, usishangilie: huenda hajaonana na hakimu, au amenyimwa dhamana. Kwa Texas, aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, kwa hiyo rudi kutazama baada ya muda huo.

Usipomwona siku ileile, subiri. Kuchukua alama za vidole, kupiga picha na maswali ya afya hula saa kadhaa, na mwishoni mwa wiki foleni huwa ndefu. Miji midogo humweka mtu kwanza kwenye seli ya polisi wa mji kabla ya kumpeleka jela ya kaunti, na muda wote huo jina halionekani kwa sherifu.

Ukurasa ukigoma kufunguka, huenda tovuti hiyo inazuia watu walio nje ya Marekani. Usihangaike, muombe Mtanzania yeyote aliye kule akutazamie na akutumie picha ya skrini. Au piga simu jela. Houston iko nyuma yetu kwa saa 8 kuanzia Machi hadi Novemba mwanzoni, na saa 9 miezi mingine, kwa hiyo saa 12 jioni ya Dodoma ni muda mzuri mwaka mzima. Watakuthibitishia kama yupo, lakini hawatakuunganisha naye. Mahabusu hupiga nje tu, kwa simu za kulipia kabla, na mazungumzo hurekodiwa. Akikupigia, muulize afya yake, wakili wake na tarehe ya kesi. Habari ya nini kilitokea usiku ule isizungumzwe kwenye simu hiyo, hata kwa Kigogo.

Hapa Dodoma una faida moja: Wizara ya Mambo ya Nje iko Mtumba, Mji wa Serikali. Nenda na nakala ya pasipoti yake, tarehe ya kuzaliwa, jina la kaunti na ile namba ya jela, uombe taarifa zifike ubalozi wetu Washington. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo Marekani inalazimika kuujulisha ubalozi raia wake akikamatwa, hata kama mwenyewe hakuomba. Askari wa kaunti husahau, hivyo barua yenu ina maana. Ubalozi hauwezi kumtoa jela. Unaweza kufuatilia hali yake na kuzungumza naye.

Tumemtafuta kaka kwenye jela ya kaunti kwa majina yake yote matatu na hatumwoni, na tuna hakika amekamatwa. Je, wamemficha?
*Msomaji, Manyoni*

Anza na jina kabla ya kuwaza mabaya. Majina yetu matatu huwavuruga sana. Chukua mfano wa mtu anayeitwa Emanueli Chiloleti Nhonya. Karani anaweza kumwandika Emmanuel kwa m mbili, akamfanya Chiloleti kuwa jina la ukoo, au akaunganisha mawili ya mwisho. Jina linaloanza na Nh linaweza kupoteza h yake pale pale kaunta. Kwa hiyo andika herufi tatu za mwanzo tu, kama mfumo unaruhusu, kisha upekue kwa umri na tarehe ya kuingia. Jaribu kila jina kama la ukoo. Ikiwa pasipoti au leseni yake ina tahajia tofauti na cheti cha kuzaliwa, fuata ya leseni, kwa kuwa ndiyo polisi waliyoishika.

Kama jina si tatizo, basi huenda yuko mikononi mwa mamlaka nyingine, na kila moja ina mlango wake.

Idara ya uhamiaji, ICE, ina orodha yake ya kutafutia mahabusu. Njia ya uhakika ni namba ya mgeni, ile inayoanza na herufi A na kufuatwa na tarakimu 9. Ikiwa na 8, ongeza sifuri mbele. Bila namba, utaandika jina la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye kumbukumbu zao, herufi kwa herufi, pamoja na nchi ya kuzaliwa. Hapo wengi huteleza: kaka aliyezaliwa Nairobi na kukulia Manyoni hutafutwa chini ya Kenya, hata kama pasipoti yake ni ya Tanzania. Walio chini ya miaka 18 hawaonekani humo. Na ICE hukodi nafasi kwenye jela za kaunti, kwa hiyo mtu anaweza kulala ndani ya jela ya kaunti huku jina lake liko kwa ICE tu.

Magereza ya serikali kuu yana kitafutio kinachoorodhesha watu kuanzia mwaka 1982. Hata hivyo, anayesubiri kesi ya serikali kuu huwa chini ya idara ya Marshals (askari wa mahakama za serikali kuu), ambayo mara nyingi humhifadhi jela ya kaunti, na anaweza asionekane kwenye kitafutio hicho. Huyu utampata kwa kuuliza mahakama.

Mwisho kuna majimbo yasiyo na jela za kaunti kabisa: Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont. Huko utatafuta idara ya magereza ya jimbo. Louisiana nayo haina kaunti. Hutumia "parish", ambayo ni kitu kilekile kwa jina jingine.

Jina lililokuwepo jana likatoweka leo lina maana chache: ameachiwa, amehamishwa, au kesi imeingia hatua nyingine. Huduma ya VINE, inayotumika kwenye majimbo mengi, hutuma ujumbe mahabusu anapohamishwa au kuachiwa. Jisajili mapema, kabla hajahama.

Tumepigiwa simu na mtu anayesema ni wakala wa dhamana Marekani. Anataka tutume dola 500 leo, kijana atoke. Anajua jina lake na shtaka lake. Tutume?
*Mzee wa Chang'ombe, Dodoma*

Shikamoo mzee. Msitume. Jina na shtaka viko wazi kwa dunia nzima, na matapeli hukaa wakisoma orodha hizohizo. Kuvijua si ushahidi wa chochote. Anayedai malipo kwa kadi za zawadi, kwa sarafu za mtandaoni au kwa namba ya mtu binafsi, kata simu yake.

Mawakala wa dhamana wa kweli wapo, na kiasi alichotaja hakishangazi. Dhamana ikiwa dola 5,000, wakala huchukua kwa kawaida asilimia 10, yaani 500, na hizo hazirudi hata kesi ikifutwa kesho yake. Njia nyingine ni kulipa 5,000 zote mahakamani au jela, na fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa alihudhuria siku zote, pengine zikikatwa ada. Si kila jimbo lina mfumo huu: Illinois, yenye Chicago, ilifuta dhamana ya fedha Septemba 2023, kwa hiyo anayedai pesa ya dhamana ya kesi ya jimbo huko anawaibia.

Kabla ya senti yoyote kutoka, ndugu aliye kule apige simu jela kwa namba aliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti ya sherifu, aulize mambo mawili: dhamana ni kiasi gani leo, na je, kuna zuio la uhamiaji? La pili ndilo linaloumiza familia. Zuio likiwepo, mkilipa dhamana kijana harudi nyumbani. Jela inaweza kumshikilia mpaka ICE wamchukue. Mmelipa, na ameingia mfumo ambao serikali haimpi wakili. Kwenye kesi ya jinai asiye na uwezo hupewa wakili wa umma, kwa hiyo zungumzeni kwanza na huyo, ambaye hamlipi kitu.

Na hapa kwetu je? Kuna orodha ya namna hiyo ya mahabusu wa gereza la Isanga, Dodoma?
*Kijana, Kongwa*

Hakuna orodha ya wazi kwenye intaneti. Hapa unafuata kwa miguu. Anza kituo cha polisi kilichomkamata, umuulize mkuu wa kituo kama jina limo kwenye kitabu cha mahabusu na shtaka ni lipi. Wakikwambia amehamishwa, uliza kituo gani na uandike jina la askari aliyekujibu. Sheria inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ikiwa haiwezekani, isipokuwa kwa makosa makubwa. Beba kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Dhamana ya polisi hailipiwi.

Akishapelekwa mahakamani, habari zake zote zinashikwa na namba ya kesi. Iombe kwa karani wa mahakama, pamoja na tarehe ya kutajwa, ambayo kwa aliye rumande haitakiwi kuzidi siku 15. Ukiwa na jina lilivyo kwenye hati ya mashtaka na namba hiyo, hapo ndipo uende Isanga. Ukienda na jina la nyumbani tu utarudishwa getini. Kama siku zinapita na kila ofisi inasema haimjui, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma, iamuru aletwe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ina makao makuu hapahapa Dodoma na hupokea malalamiko bila malipo.

Kesi ya binti yetu kule Marekani ilifutwa, lakini picha yake ya jela bado inazunguka mtandaoni. Inaondokaje?
*Wazazi, Singida*

Orodha ya jela huonyesha nani ameshikwa, haisemi kama ana hatia, lakini kampuni binafsi huinakili na kuibakiza miaka. Binti aombe mahakama iliyofuta kesi izifunge kumbukumbu zake. Taratibu hutofautiana kwa jimbo, na wakili wa umma aliyemtetea anazijua. Akiwa na amri hiyo, aitume kwa kila tovuti na kwa Google, ambayo ina fomu ya kuomba kuondolewa kwa kurasa zinazodai malipo ili zifute picha. Asilipe tovuti hata moja. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku malipo hayo, na tovuti moja ikishalipwa, nyingine yenye picha ileile hujitokeza.