Aliyesikia siye aliyeamini: kwa mnaoanza kutengeneza modeli za maoni

Karibuni. Wengi wenu mnatoka kwenye takwimu au kompyuta, wachache kwenye sosholojia, na karibu wote mnafika na swali moja: nianze na modeli ipi, yaani hesabu ipi ya kuiga jinsi maoni yanavyoenea kati ya watu? Mimi nina swali la kutangulia hilo. Unataka kujua nani ameusikia ujumbe, au nani ameuamini? Kila moja lina hesabu yake, na kazi nyingi ninazoletewa nizipitie hapa Mwanza zinaharibika kwa sababu mwandishi amepima la kwanza akatangaza la pili.

Tuseme mtu kaandika kwenye grupu la wauza dagaa wa mwalo wa Kirumba, ufuko wa kushushia samaki hapa Mwanza, kwamba wiki ijayo tozo inapanda. Kufika adhuhuri habari iko Igombe, iko Kayenze, imeshavuka maji hadi Sengerema. Hapo una swali la kusikia, na modeli yake ni ya zamani. Daley na Kendall, mwaka 1964, waliwagawa watu mafungu matatu: wasiojua, wanaoeneza, na walionyamaza. Inakaribiana na modeli ya magonjwa ya Kermack na McKendrick ya 1927, ila mgonjwa hupona kwa wakati wake, na mwenye tetesi hunyamaza anapokutana na mtu wa kumwambia, "Hiyo nimeshaipata, lete nyingine." Badiliko hilo dogo linaleta jambo la ajabu: hata kama kila mtu anaweza kukutana na kila mtu, karibu asilimia 20 hawataisikia kabisa. Kwa hiyo ukimkuta mama sokoni hana habari, usikimbilie kuandika kwamba hana bando au anaishi mbali. Huenda watu walichoka kusimulia kabla ya zamu yake.

Nyote mtaninukulia utafiti wa Vosoughi, Roy na Aral wa 2018, uliofuata habari zipatazo 126,000 kwenye Twitter na kuonyesha kwamba za uongo zilienda mbali na kwa kasi kuliko za kweli. Nukuuni, ni kazi nzuri. Ila ulipima kusambaa. Anayepeleka mbele tetesi ya tozo anaweza kuwa anaicheka, anaiuliza, au anataka tu kuonekana wa kwanza.

Kuamini kuna mwendo mwingine. Habari huhitaji mtu mmoja wa kukufikishia, na ndiyo maana mtu unayefahamiana naye juu juu, kama dereva wa daladala ya Buzuruga, hufaa sana kuitoa kundi moja na kuipeleka jingine. Mwanasosholojia Granovetter alilieleza hilo mwaka 1973. Kubadili msimamo au tabia kwa kawaida kunataka mashahidi zaidi ya mmoja. Mtafiti Centola alilijaribu jambo hili kwenye mtandao alioupanga mwenyewe, matokeo yakatoka 2010: palipokuwa na marafiki wanaojuana wao kwa wao, tabia ilifika kwa watu wapatao asilimia 54; viungo kati ya watu vilipotupwa ovyo, ilifika kwa asilimia 38. Mtandao unaosukuma tetesi haraka unaweza kuwa mbovu kwa kuwashawishi watu.

Modeli ya DeGroot (1974) mtajifunza siku ya kwanza: kila mtu huchukua wastani wa maoni ya anaowasikiliza, na mtandao ukiungana vizuri wote huishia mahali pamoja. Kama dalali anajisikiliza mwenyewe tu na wengine wote wanampa uzito, basi sokoni yatabaki maoni ya dalali. Hegselmann na Krause (2002), na Deffuant na wenzake (2000), waliongeza sharti kwamba mtu hamsikilizi aliye mbali naye mno kimawazo. Hapo makundi hujitenga yenyewe bila adui yeyote kuwachonganisha. Zote ni nyepesi kuandika, sitazirefusha.

Nitakaa kwenye vizingiti, yaani idadi ya watu ambao mtu anataka kuwaona wakitenda kabla naye hajatenda, maana hapo ndipo wengi huteleza. Hesabu ni ya Granovetter tena, ya 1978. Mfano wa soko ni wangu. Wachuuzi 100 wanawaza kufunga meza kupinga tozo. Kila mmoja anataka kwanza kuona idadi fulani ya waliokwisha kufunga. Mmoja hamhitaji yeyote, atafunga hata peke yake. Wa pili anahitaji mmoja, wa tatu wawili, hadi wa mwisho anayetaka kuwaona 99. Soko lote litafungwa. Sasa mchukue yule anayehitaji mmoja, mfanye ahitaji wawili. Wengine 99 usiwaguse. Jasiri anafunga meza, anatazama kushoto, anatazama kulia, hakuna anayemfuata. Wastani wa vizingiti umetoka 49.5 ukafika 49.51, na jioni redio itasema wachuuzi wameipokea tozo kwa amani, isipokuwa mkorofi mmoja.

Kwa hiyo ukiona kimya kwenye data, usiandike "wananchi wameridhika." Wala ukiona kelele usiandike "wananchi wamekasirika." Isitoshe, mchuuzi haoni soko zima, anaona majirani zake. Feld alionyesha mwaka 1991 kwamba kwa wastani marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko yeye. Mwenye marafiki wengi, akiwa na mdomo, huonekana na wengi, na msimamo wake hudhaniwa kuwa wa wote.

Sasa data za huku kwetu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitawala mitumbwi mingi hupumzika. Watu wako nchi kavu, simu mkononi, posti zinapanda. Aliyekusanya data ya wiki sita anaona wimbi, analipa jina la kutisha. Weka kalenda ya mwezi kwenye jedwali lako kabla ya kutafuta sababu nyingine. Sikilizeni pia ujumbe wa sauti, hata kama kuuandika neno kwa neno ni kazi ya kuchosha: wazee wengi hawaandiki, na Kiswahili chao kimejaa Kisukuma ambacho programu yenu ya kupima hisia haikijui. Halafu WhatsApp ilipunguza upelekaji mbele hadi magumzo matano mwaka 2019, na ujumbe uliozunguka sana hadi gumzo moja kwa mara moja mwaka 2020. Data za kabla na baada ya hapo usizichanganye chini ya kasi moja ya usambaaji.

Kuingia grupu la watu kimyakimya na kukusanya maneno yao, hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Na hata isingekuwepo, admini wa mwaloni akikugundua, hutapata data tena kutoka Kirumba hadi Ukerewe.

Kwa majaribio tumieni NetLogo, programu ya kuendeshea modeli za namna hii kwenye kompyuta. Ni ya bure na haihitaji intaneti ikishaingia kwenye kompyuta. Endesha modeli ileile mara mia kadhaa kwa namba tofauti za kuanzia bahati nasibu, kisha nionyeshe mtawanyiko wote, pamoja na zile mara ambazo soko halikufungwa. Grafu moja iliyopendeza sitaisoma.