Jibu: Upanga wa mkono mmoja na nusu, wa kukatia au pambo?

Mkuu, umeuliza kama upanga wa mfano wa Ulaya ya karne ya 15, ule wa mkono mmoja na nusu (unaoshikwa kwa mkono mmoja au miwili), unafaa kukatia au ni pambo tu. Inategemea kilichomo ndani ya mpini. Ulimi wake, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, uwe mpana, kipande kimoja na upanga wenyewe, upite hadi kwenye kirungu cha nyuma, pale mpini unapoishia. Zile za bei chee huchomelewa kifito chembamba. Siku moja utapiga, upanga uruke, wewe ubaki na mpini. Wangu wa kwanza ulianza kulegea hivyo hivyo, nikautundika sebuleni.

Ukiambiwa haushiki kutu, huo ni wa ukutani. Chuma hicho kikiwa kirefu hivyo huvunjika kirahisi. Tafuta chuma cha springi, kinachopinda na kurudi. Uzito kilo 1.3 hadi 1.6 hivi, wa kilo 3 ni nondo, sio upanga.

Anza na chupa za plastiki zilizojaa maji, juu ya kigogo. Chupa ikiruka bila kukatika, makali yako yalikwenda upande. Baadaye ndipo ukate mikeka iliyolowekwa maji. Ukimaliza futa, paka mafuta ya cherehani.