Kazi za mbali katika mashirika ya hisani ya Kiyahudi: mambo ya kuyajua kabla ya kutuma maombi

Tangazo likisema kazi ni ya mbali, soma mstari unaofuata kabla hujafurahi. Mengi ya mashirika haya makao yake yako Marekani, na kwao kazi ya mbali ni kazi unayoifanyia nyumbani kwako, ila nyumba hiyo iwe ndani ya Marekani, tena mara nyingine katika majimbo yale tu ambako shirika limejisajili kulipa kodi za mishahara. Mwombaji wa Dar es Salaam au Nairobi huandika barua nzuri, akaambatanisha vyeti, kisha kimya. Hakuna aliyemdharau. Mfumo wa maombi ulimuuliza kama ana kibali cha kufanya kazi Marekani, akajibu hapana, ukamweka kando kabla mtu yeyote hajaisoma barua yake.

Kwa hiyo jiweke mapema katika fungu lako. Aliyeko Minneapolis au London na ana kibali cha kazi anaweza kuomba karibu nafasi yoyote inayomfaa. Aliyeko Afrika Mashariki ana nafasi chache za aina mbili: ajira katika ofisi ambazo mashirika hayo yamezifungua huku, na mikataba ya ushauri, ambayo humlipa mtu kwa kazi aliyoikamilisha bila kumfanya mwajiriwa.

Mashirika yenyewe

Usifikirie masinagogi tu. Yapo mashirikisho ya miji, takriban 140 Marekani na Kanada, yanayokusanya michango ya jumuiya nzima na kuigawa kwa nyumba za wazee, shule na huduma za familia. Chombo chao cha juu ni Jewish Federations of North America. Ipo mifuko ya familia tajiri inayotoa ruzuku, kama Jim Joseph Foundation ya San Francisco, au Harold Grinspoon Foundation, ambayo mpango wake wa PJ Library umekuwa ukiwapelekea watoto vitabu vya bure tangu 2005. Yapo yanayoshughulika na wanafunzi wa vyuo vikuu, kama Hillel, lililoanza 1923. Halafu yapo ya misaada ya kimataifa: JDC (American Jewish Joint Distribution Committee), lililoundwa New York mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilipowaacha Wayahudi wa Palestina katika njaa, World Jewish Relief la Uingereza, lililoanza 1933 kuwasaidia Wayahudi wa Ujerumani, American Jewish World Service, la 1985, na HIAS, linalohudumia wakimbizi na lenye ofisi Nairobi.

Kundi hili la mwisho ndilo lenye uhusiano wa kweli na sisi. HIAS huajiri Kenya kwa mikataba ya Kenya. American Jewish World Service imetoa ruzuku kwa vikundi vya Kenya na Uganda. Rwanda, World Jewish Relief imefadhili miradi ya kuwapatia watu riziki, na kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom huko Rwamagana, kilichofunguliwa 2008, kimejengwa kwa msaada wa wachangiaji wa ng'ambo. Nyingi ya kazi hizi zinakutaka ufike ofisini. Lakini aliyewahi kuandaa ripoti ya robo mwaka ya mfadhili wa aina hii, akaeleza kila dola ilivyotumika, anaomba mkataba wa mbali akiwa na kitu cha kuonyesha.

Soma fomu 990 kabla ya kuandika barua

Karibu kila shirika la hisani la Marekani huwasilisha fomu namba 990 kwa idara ya mapato, na fomu hiyo ni wazi kwa umma. Iko bure katika tovuti ya ProPublica Nonprofit Explorer. Masinagogi yamesamehewa, kwa hiyo usishangae usipoyaona. Watu wengi hufungua fomu hii kutazama mshahara wa mkurugenzi, wakaishia hapo. Ina mambo manne yenye faida zaidi.

Sehemu ya VIII, mstari wa 1e, huonyesha ruzuku za serikali. Linganisha na 1f, penye michango mingine. Shirika ambalo fedha zake nyingi ziko 1e linaweza kutikisika kwa uamuzi mmoja wa Washington. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha mpango wa kupokea wakimbizi na kusimamisha misaada ya nje, na mashirika yaliyotegemea fedha hizo, HIAS likiwamo, yalipunguza wafanyakazi. Anayeomba kazi leo asilipuuze swali la fedha za shirika zinatoka wapi.

Sehemu ya VII hutaja malipo ya viongozi na ya wafanyakazi wanaolipwa zaidi. Haitakupa mshahara wako, ila itakuonyesha dari ilipo. Kiwango chenyewe kitafute kwenye tangazo: Colorado tangu 2021, California na jimbo la New York tangu 2023, sheria zinawataka waajiri wengi kukitaja.

Sehemu ya IX inaonyesha fedha zinakokwenda, ukiwamo uchangishaji.

Nyongeza F (Schedule F) ndiyo ya kuisoma kwa makini ukiwa Afrika Mashariki. Shirika linalotumia zaidi ya dola 10,000 nje ya Marekani hutakiwa kueleza, kanda kwa kanda, lina ofisi ngapi na wafanyakazi, mawakala au wakandarasi wangapi huko. Ukikuta Afrika Kusini mwa Sahara ina sifuri, usipoteze jioni yako kuandika barua. Ukikuta watu kadhaa bila ofisi hata moja, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba shirika hutumia washauri, na barua yako ielekezwe huko. Kumbuka tu kwamba fomu hizi huchelewa mwaka mmoja au miwili.

Kwa Uingereza, daftari la Charity Commission hutoa hesabu za kila mwaka pamoja na idadi ya wanaolipwa zaidi ya pauni 60,000.

Je, lazima uwe Myahudi?

Kwa kazi nyingi, hapana. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964 inaliruhusu shirika la kidini kumpendelea mtu wa dini yake, na kwa marabi na walimu wa dini jambo hilo ni la kawaida. Lakini uhasibu, kanzidata, tathmini ya miradi, uandishi wa maandiko ya ruzuku na teknolojia hufanywa na watu wa kila dini. Tangazo likisema ujuzi wa maisha ya Kiyahudi ni sharti, amini. Likisema ni nyongeza nzuri, omba, na katika barua onyesha kwa sentensi moja kwamba unaielewa kalenda yao. Usijipachike maneno ya Kiebrania usiyoyatumia, wala usidai undugu usiokuwapo. Msomaji wa barua anatambua mara moja, na imani ikipotea hapo hairudi.

Jambo la Israeli likabili mapema. Mashirika mengi yana msimamo ulio wazi, na tangu shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 unasemwa kwa sauti zaidi. Soma tamko la shirika, ujiulize kama unaweza kuandika barua kwa wachangiaji wake kwa moyo mweupe. Kama huwezi, yapo mashirika yanayoshughulika na njaa, wazee au wakimbizi tu. Kumficha mwajiri msimamo wako ni kumwonea yeye na kujionea wewe.

Kalenda na saa

Hapa ndipo wafanyakazi wapya wa mbali wanapoharibu, hata wenye ujuzi. Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. New York mwezi Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo wengi hufunga kompyuta saa nane mchana yao, ambayo ni saa nne usiku huku kwetu. Siku ya kazi ya New York huanza saa kumi na moja jioni ya Afrika Mashariki wakati wa baridi ya kwao, na saa kumi jioni kiangazi chao. Maana yake Ijumaa ya Desemba una saa tano tu za kumpata mtu, na swali lililobaki halitajibiwa hadi Jumatatu jioni. Israeli ni nafuu: hufanya kazi Jumapili hadi Alhamisi, na kiangazi chao saa zao ni sawa na zetu.

Sikukuu kubwa za Septemba na Oktoba hubadilika kila mwaka. Mwaka 2025 zilimeza siku saba za kazi, zikiangukia Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mwaka 2026 karibu zote zinaangukia wikendi, isipokuwa Yom Kippur, siku ya kufunga na kutubu, inayoangukia Jumatatu ya Septemba 21. Mwaka zinapoangukia katikati ya wiki, usaili hukwama, na kila mtu anakwambia tuonane baada ya sikukuu. Mashirika mengi hufunga mwaka wa fedha Juni 30, hivyo nafasi zenye bajeti mpya hutangazwa kuanzia Mei hadi Agosti. Tuma maombi wakati huo. Desemba nayo ni mwezi wa moto kwa idara za uchangishaji, kwa kuwa mchangiaji anayetaka nafuu ya kodi ya mwaka lazima atoe kabla Desemba 31 haijapita. Atakayekuajiri hatakuwa na muda wa kukusikiliza.

Usipange jarida la barua pepe litoke Ijumaa usiku wala Jumamosi. Na siku ya Yom Kippur salamu za shangwe hazifai.

Kazi yenyewe, kwa mfano wa kanzidata ya michango

Kama unataka kujifunza jambo moja, jifunze Salesforce au Raiser's Edge, programu za kutunza kumbukumbu za wachangiaji. Katika kazi ya kuingiza michango kuna makosa ya kawaida ambayo ukiyajua utang'ara katika jaribio la usaili.

Utaona michango ya dola 18, 36, 180 na 1,800. Si makosa ya uchapaji: 18 ni hesabu ya herufi za neno la Kiebrania la uhai, na watu hutoa kwa mafungu yake. Anayezisawazisha kuwa 20 ameharibu kumbukumbu.

Michango mingi hutolewa kwa heshima au kumbukumbu ya mtu. Aliyetoa na anayekumbukwa ni rekodi mbili tofauti, na familia ya marehemu inahitaji kujulishwa. Ukizichanganya, barua ya shukrani itaenda kwa jina la marehemu, na msiba huo mdogo hausahauliki.

Mashirikisho huishi kwa ahadi. Mtu huahidi leo, akalipa kwa awamu. Ahadi na malipo visihesabiwe mara mbili.

Kubwa kuliko yote ni fedha zinazotoka kwenye mifuko ya uhisani inayosimamiwa na taasisi nyingine. Tajiri aliweka fedha humo zamani, na nafuu ya kodi aliipata siku ile. Anapoelekeza dola 5,000 zije kwako, mtoaji kisheria ni taasisi inayosimamia mfuko. Mshukuru tajiri kwa barua, lakini usimpe risiti ya kodi. Mchango wa moja kwa moja wa dola 250 au zaidi, kinyume chake, unahitaji uthibitisho wa maandishi ili mchangiaji apate nafuu hiyo.

Mkataba na malipo

Shirika halisi haliombi ada ya maombi, wala halifanyi usaili wote kwa WhatsApp. Anwani ya barua pepe ilingane na tovuti, na nafasi uikute kwenye tovuti yao wenyewe, si kwenye tovuti ya matangazo ya kazi kama JewishJobs.com pekee.

Ukiwa mshauri nje ya Marekani utajaza fomu W-8BEN, yenye namba yako ya mlipakodi: PIN ya KRA kwa Mkenya, TIN kwa Mtanzania. Inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya kusaini. Malipo ya kazi uliyoifanyia nyumbani kwa kawaida hayakatwi kodi ya Marekani, ila yanatozwa kodi hapa, na hakuna mwajiri wa kukukatia; weka akiba yake kila ankara inapolipwa. Bima ya afya, likizo na kiinua mgongo havimo, kwa hiyo bei yako ivibebe.

Mkataba ukitaka uhudhurie mkutano wa wafanyakazi Marekani mara moja au mbili kwa mwaka, uliza nani analipa viza na tiketi, na uombe miadi ya ubalozi wiki ile ile unayosaini. Foleni za viza huweza kuuzidi urefu wa muda wa majaribio.