Nimwite Profesa au nimtaje kwa jina lake?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Msimamizi wa tasnifu yangu hutia saini barua pepe zake kwa jina lake la kwanza tu, bila cheo. Wenzangu wawili wameanza kumwita kwa jina hilo, ilhali mimi bado naandika "Profesa" na jina la ukoo. Je, nimepitwa na wakati, au wao ndio wamevuka mpaka?

JIBU: Endelea na "Profesa" mpaka mwenyewe akuambie vinginevyo. Saini ya namna hiyo yaweza kuwa ishara ya ukarimu, na yaweza kuwa ni haraka tu, na huna haja ya kubahatisha wakati unaweza kumwuliza kwa sentensi moja angependa umwiteje. Wenzako hawana kosa ikiwa waliruhusiwa. Kama hawakuruhusiwa, wamejitwalia jambo ambalo ni lake yeye kulitoa.

Mazoea hutofautiana sana. Nchini Marekani, wanafunzi wengi humwita profesa karibu kila anayewafundisha chuo kikuu, hata ambaye ngazi yake ni profesa msaidizi. Uingereza cheo hicho kwa desturi ni cha walio katika ngazi ya juu kabisa, na wahadhiri wengine wenye shahada ya uzamivu huitwa Daktari. Nchini Sweden, ambako matumizi ya vyeo katika mazungumzo yalififia tangu miaka ya 1960, jina la kwanza halimvunjii mhadhiri heshima. Kwa hiyo, unapomwandikia mgeni, tazama kwanza idara yake inavyomtambulisha.

Lipo jambo linalonisumbua zaidi ya hilo lako. Wapo wanafunzi ambao humwandikia mhadhiri mwanamume "Profesa", kisha wakamwandikia mwenzake mwanamke wa ngazi ileile "Bibi" au jina lake la kwanza, pengine bila kukusudia ubaya wowote, lakini huko ni kumnyima cheo alichokitolea jasho sawasawa na mwenzake. Pitia barua zako za nyuma uone kama nawe umo.

Tena, cheo peke yake hakitoshi. "Profesa, nataka majibu kabla ya Ijumaa" ni amri, hata ikitanguliwa na vyeo vyote duniani. Afadhali uandike: "Profesa, nimeambatisha sura ya pili; naomba, ukipata nafasi, uitazame sehemu ya mbinu za utafiti, ambayo bado inanitatiza." Hapo msomaji anajua unachotaka, na wakati wake umeuheshimu.

Akikuruhusu kutumia jina lake la kwanza, litumie bila woga katika mazungumzo yenu na barua zenu. Siku ya kutetea tasnifu mbele ya watahini, rudia cheo chake kamili, kwa kuwa ruhusa aliyokupa ni ya baina yenu.