Chungu cha pili kisipasuke
Pole dada. Kubeba vyungu viwili vya udongo vya Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, kutoka Matema hadi Mbeya, halafu kimoja kipasukie kwenye gesi siku ya kwanza, inauma! Moto wa gesi hupiga sehemu moja, na udongo hauvumilii hivyo.

Hicho kilichobaki kiloweke usiku kucha, kisha kianike mpaka kikauke kabisa. Kwa baridi hii ya Julai usiharakishe. Halafu kichemshie uji mwepesi kwa mkaa kidogo. Wanga huziba vitundu. Mimi hutumia maji ya mchele badala ya uji, bibi angenicheka.

Kikiwa cha moto usimimine maji baridi. Kikionyesha ufa, hifadhia mbegu tu. Maharage yanayochemka yakikumwagikia ni hospitali, siyo kupaka dawa ya meno.